Matembezi ya Kumkwepa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi ya kuuma masikio. Nimeamka na wazo. Nililala nalo pia, lakini asubuhi ndipo liliposimama vizuri.

Wazo lenyewe: matembezi ya asubuhi katika mtaa wa zamani wa Machakos. Mimi, Laban Ndeti, mbele na mwavuli. Wageni nyuma na simu zao za kupiga picha. Mji wetu ni mzee kuliko Nairobi. Kila mtu hapa analijua hilo na hakuna aliyewahi kupata hata kikombe cha chai kwa kulijua. Reli ilitupita mbali, Nairobi ikapata maghorofa, sisi tukabaki na maduka ya zamani ya Wahindi, veranda zenye nguzo na milango inayolia ukiigusa. Basi! Watu wa Nairobi na waje waone walichotuachia.

Wanza alinisikiliza huku akishona sare ya shule. Mke wangu akikasirika hushona haraka, na leo cherehani ilinguruma kama pikipiki. Alinikumbusha sungura. (Wote walikuwa madume. Nilidanganywa!) Alinikumbusha biashara ya kukodisha viti vya matanga. (Watu wenye huzuni hawarudishi viti. Ningejuaje?) Kisha akasema jambo ambalo lilinikwamisha chai kooni. Mama yake amefika kutoka Kivaa. Magoti. Daktari amemwamuru atembee kila asubuhi mahali tambarare, wiki nzima. Analala kwa Ndila, mdogo wake Wanza ambaye hajaolewa, huko huko mtaa wa zamani, maana hawezi kulala kwa mkwe.

Jumapili anarudi kwake. Kabla ya hapo atakuwa ameniangalia na kuamua kama mimi ni mume au ni mzigo. Akisema mzigo, Wanza ataondoka naye.

Niliuliza ataniangaliaje. Kwetu mkwe na mama mkwe hatutazamani uso kwa uso! Nthoni, haya ya ukweni, ni nthoni. Nikimwona njiani, ninajificha. Yeye naye hufunika uso kwa leso na kugeuka. Tangu nioe sijaona chochote cha yule mama isipokuwa mgongo. Jina lake silitamki, na hata hapa siliandiki.

Wanza alisema mama ataona tu. Cherehani ikaendelea.

Nikaenda kumweleza Macharia wazo langu, ili aumie. Macharia anauza viatu vya mitumba pale kona. Alikuja kutoka Murang'a zamani, na tangu hapo kazi yake ni kuniiga. Nilipofuga sungura, naye alifuga. Wa kwake walizaa. Leo alicheka mpaka akakalia viatu vya mteja. Alisema kutembea ni jambo la mtu aliyekosa boda boda. Tutaona.

Jumanne, 5 Agosti

Ufunguzi! Wageni watatu. Kiongozi wao ni Winrose wa Syokimau, msichana ambaye simu haimtoki mkononi, na marafiki zake wawili waliovaa kama wanapanda mlima. Niliwapa sheria moja tu: wafuate mwavuli popote uendako, bila maswali.

Nilianza vizuri sana. Niliwaonyesha mlango wa mbao na kusema una miaka mia mbili. Mwenye duka akatoka na kusema aliuweka mwaka jana, baada ya wezi. Niliwahamishia haraka kwenye nguzo. Nguzo hazina mwenyewe.

Tukakata kona karibu na msikiti. Leso ya buluu. Bakora. Mwendo wa pole. Yeye!

Miguu yangu iliamua kabla yangu. Mlango wa karibu ulikuwa wa mashine ya kusaga mahindi. Nikaruka ndani, mwavuli na mimi. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya magunia ndipo nikasikia vishindo. Wageni walikuwa wamefuata mwavuli! Bila maswali! Tukakaa humo sote wanne, kimya, unga unatunyeshea, msagaji akitutazama kama tumetoka juu ya paa.

Tulipotoka tulikuwa weupe mpaka kwenye kope. Nilingoja kutukanwa. Winrose akauliza ile ilikuwa nini. Nikasema desturi. Akauliza tulikuwa tunamkwepa nani. Nikasema mtu wa kuheshimiwa sana. Akapiga kelele, "Laban, hii ni kali! Mimi hata nimesisimka!" Rafiki yake alisema hajawahi kuihisi historia ikimwingia puani namna ile.

Jioni nikamwuliza Wanza, kana kwamba sijali, mama amesema nini.

Akajibu kwamba mama amesema ameona.

Ameona nini? Ameona tu. Nikashindwa kula muthokoi wa mahindi na maharagwe. Baadaye nikala, yote.

Jumatano, 6 Agosti

Winrose ameiweka video yetu ya unga mtandaoni. Asubuhi nilikuta umati pale veranda, wengine wametoka Nairobi alfajiri. Wawili walikuja wamejipaka unga kabisa, tayari.

Hakuna aliyetaka kusikia habari za reli. Nilipogusa nguzo walikohoa. Walichouliza ni kimoja: yule mama wa kwenye video anatokea saa ngapi? Sasa mimi nitajuaje! Magoti ni yake, barabara ni ya watu wote. Nilitembea shingo upande, jasho linanitoka kwenye baridi, na wao wakasema naigiza vizuri.

Alitokea mara tatu. Mara ya kwanza tuliingia kwa kinyozi. Kinyozi alidhani nimekuja kunyolewa, na kabla sijafafanua alikuwa ameondoa ndevu za shavu la kushoto. Mara ya pili tuliingia buchani, watu tele nyuma ya nusu ya ng'ombe. Muuza nyama akauliza kwa upole kama kuna vita.

Mara ya tatu ilikuwa mbaya. Nilijibanza nyuma ya mabati nje ya duka la misumari. Nikachungulia. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya mlango wa duka la vitambaa, niliona ncha ya leso ya buluu na mpini wa bakora. Naye amejificha! Mimi namngoja aondoke, yeye ananingoja niondoke. Hakuna aliyeweza kutoka. Boda boda zilipita. Mwenye duka la vitambaa akamletea kiti. Wageni wangu walikuwa wanalia kwa raha, wameziba midomo. Tulinusuriwa na mkokoteni wa magunia ya kabeji uliopita katikati polepole, Mama Mkwe akatembea upande wa pili wake mpaka akapotea. Watu wakapiga makofi. Mwenye mkokoteni akainama akidhani ni yeye.

Niliona haya kweli. Mama wa watu mwenye magoti mabaya, nimemfanya akimbilie dukani. Nikajiambia kesho nitabadilisha njia. Lakini wageni wameshaniambia wa kesho ni wengi zaidi.

Macharia aliniita jioni akaninunulia soda. Macharia! Soda! Akauliza kwa sauti ya asali tunajificha hasa kutoka kwa nani. Wao kwao hawajui mambo haya jinsi tunavyoyajua sisi. Nikamwangalia kwa uso wa kanisani na kumwambia: mwanamke yeyote mwenye leso na mvi. Yeyote. Ukikosea, unaharibu kabisa.

Wanza kasema mama ameona tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Macharia amefungua matembezi yake! Jua lilipochomoza alikuwa amesimama mbele ya viatu vyake na mwavuli wa rangi saba. Bango: "Matembezi Halisi". Alikuwa amemkodi bibi mmoja muuza maembe kutoka Matuu ili apite na watu wajifiche. Tatizo la yule bibi ni kwamba ana adabu. Kila mara Macharia na watu wake walipojitupa mlangoni, aliwafuata ndani kuwajulia hali.

Lakini hiyo haikuwa kitu. Leo ndiyo siku ya akina mama wa kanisa! Walishuka barabara nzima, wamejaa kutoka veranda hii hadi ile, leso, mvi, vitabu vya nyimbo. Macharia aliona mwanamke mwenye leso na mvi. Aliona wote kwa pamoja. Alipiga kelele, "Mafichoni!" akaongoza wageni wake katika stoo ya makaa. Akina mama wakasimama hapo hapo mlangoni kugawana kazi ya kupika kwenye mkutano. Nani chapati, nani kuku, nani anaogopa moshi. Wanawake hawa hawana haraka na chapati.

Jua lilikuwa utosini stoo ilipofunguka. Wageni wangu walitoka weupe juzi. Wa Macharia walitoka weusi. Nilicheka nikashika nguzo. Mmoja wao alidai arudishiwe asubuhi yake.

Nikaenda nyumbani nikiimba. Furaha ikafia mlangoni.

Wanza alikuwa anafunga mfuko. Mfuko mkubwa, ule wa safari. Anakunja nguo, anazipapasa, anaziweka polepole. Hakuwa anashona haraka. Hakuwa anashona kabisa. Sikuuliza. Nilienda nje kuangalia tangi la maji, ambalo halina cha kuangaliwa.

Nimeelewa sasa. Mama ameona, ameona tena, na alichokiona ni mwanamume mwenye ndevu upande mmoja anayekimbilia ndani ya unga. Ameona mzigo.

Ijumaa, 8 Agosti

Manyunyu. Hakuna matembezi. Nimekaa kitandani nikifikiri, jambo ambalo Wanza huliogopa.

Nampenda yule mwanamke. Sijui kama nimewahi kumwambia bila kutaka anikopeshe kitu. Nyumba hii bila sauti ya cherehani yake ni chumba tu chenye viti vya matanga vilivyobaki.

Kwa hiyo, mpango. Mpango mzuri kuliko yote! Tatizo ni kujificha. Mwanamume mwenye kazi hajifichi. Mwenye kazi husimama katikati ya barabara, watu wake nyuma yake, na kusalimu kwa sauti. Dunia imebadilika, nthoni ni ya enzi za babu. Kesho Mama Mkwe atakutana na mume wa binti yake ana kwa ana, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Ataniona nilivyo. Nimenyoa na shavu la kulia.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Tabasamu, hatua mbili, mkono. Kioo kilirudi nyuma kidogo. (Msumari umelegea.)

Jioni Wanza alikuja akaketi karibu nami, akiwa mpole ajabu. Alisema kuna neno mama alisema jana kunihusu. Nikainua mkono. Nikamwambia asiniambie. Alijaribu tena. Nikasema, "Wanza, wewe ngoja tu kesho." Alijaribu mara ya tatu nami nikaanza kuimba. Sikutaka huruma yake. Kesho neno hilo litabadilika.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka.

Umati wa kutisha. Winrose alikuwa amepanda juu ya kreti za soda ili apate kila kitu. Hata Macharia alifunga kibanda akaja kuangalia. Niliwatangazia kwamba leo wataona jambo ambalo halijawahi kuonekana katika mtaa huu wa zamani. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilisema ukweli.

Leso ya buluu ikatokea kwenye kona ya msikiti. Wageni wote wakatazama milango. Mimi nikasimama. Mama Mkwe aliniona. Akafunika uso upesi na kugeukia ukuta, kama ilivyo desturi. Alikuwa anangoja niingie mahali.

Sikuingia mahali. Tabasamu, hatua mbili, mkono. Nikashika mkono wake, wote, kwa mikono yangu miwili, nikamsalimu kwa lugha yetu, "Wakya, mwaitu!" Yaani, hujambo mama! Kisha, ili asiwe na shaka kwamba ni yeye, nikamwita kwa jina lake. Jina lenyewe! La kuzaliwa! Kwa sauti ya mnada!

Msagaji alizima mashine. Muuza nyama alivua kofia. Bakora ya Mama Mkwe ilianguka, ikabingirika hadi mtaroni, naye akashuka chini taratibu mpaka akaketi kwenye ngazi ya duka, leso juu ya kichwa chote. Mwanamke fulani nyuma yangu akasema, "Ai! Laban! Umefanya nini?"

Nilidhani ni furaha imemzidi. Naapa nilidhani hivyo. Kwa hiyo nikaita wageni waje wamsalimu, mmoja mmoja, na wakapanga foleni. Watu wa Nairobi wanapenda foleni. Winrose alishika mkono wa Mama Mkwe akamwambia yeye ni shabiki wake mkubwa.

Ndila alikuja mbio na kumchukua mama yake. Baadaye akaja Wanza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia lile neno nililokataa kusikia Ijumaa.

Mama alikuwa ameamua tangu Alhamisi. Alisema wakwe zake wengine wana magari na humpungia mkono dirishani kama karani wa benki. Lakini huyu Laban humheshimu mpaka akaingia kwenye unga! Ameacha ndevu kwa kinyozi kwa ajili ya nthoni! Tena amefundisha watu wa Nairobi kujificha, kundi zima, kila asubuhi. Hajaona mkwe kama huyo. Wanza abaki, asahau habari ya Kivaa. Na ule mfuko ulikuwa wa Mama. Wanza alikuwa amemshonea gauni jipya la kurudi nalo.

Nilimwuliza Wanza kwa nini hakuniambia. Akaenda kufunga mfuko wake mwenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Wameondoka. Wanza amekwenda naye. Alibeba mfuko wa Mama mkono mmoja na wake mkono wa pili.

Mjomba Musili, mzee wao wa mambo haya, amenipigia simu kutoka Kivaa. Wamekaa, wameamua. Mbuzi dume asiye na kilema, na blanketi zito. Nilete mwenyewe. Nisimame nje ya boma, nimegeuza mgongo, niombe msamaha mbele ya watu wote mpaka Mama Mkwe aseme inatosha. Niliuliza huwa inachukua muda gani. Akasema yupo aliyesimama mpaka mvua ikamnyeshea akakauka tena. Hadi hapo, Wanza yuko kwao.

Kabla ya kuondoka Wanza alisimama mlangoni. "Laban, ulikuwa umeshinda," alisema. "Ungekaa tu kimya." Kisha akanitengenezea kola ya shati, kwa mazoea, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nimelia. Si kidogo. Nimefunika cherehani kwa shuka safi ili isipate vumbi. Nimeapa: sitabuni kitu tena. Nitapata mbuzi, nitakwenda Kivaa kimya kimya, nitaomba msamaha kama mtu mzima, nitamrudisha mke wangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Winrose amepiga simu asubuhi. Ile video ya salamu imefika mbali. Anasema watu hawalali, wanataka kujua mwisho wake. Akauliza, "Sasa utafanya aje, Laban?" Nikamweleza habari za mbuzi, za mgongo, za kusimama nje ya boma. Kisha akauliza kama pana nafasi ya watu kusimama.

Na nafasi ipo! Kivaa kumejaa nafasi.

Nimekaa na wazo hili siku nzima na sioni kasoro. Wageni wananichangia mbuzi na blanketi. Wanakuja nami, wanasimama nyuma yangu, nao wamegeuza migongo, wote! Msamaha wa mtu mmoja utasikika wapi? Msamaha wa watu sitini utamgusa mama yeyote. Viti vya matanga vilivyobaki vinatosha wazee. Nimeshauriana na kioo, kimekubali. Sijamwambia Wanza. Nataka imshangaze.

Lazima niharakishe. Nimesikia Macharia anatafuta mbuzi, na anaulizauliza mjini kama kuna mama mkwe yeyote aliye tayari kukosewa.

Nimefikiri hata mbali zaidi. Ikienda vizuri, tusiishie mara moja. Matembezi ya Msamaha, Kivaa, kila Jumamosi! Nimeona shida moja tu: kuomba msamaha kila wiki kunahitaji kosa jipya kila wiki. Lakini hilo ni rahisi. Nitakuwa nikifika Ijumaa na kumshika Mama mkono.